Stempu Thelathini Nilizoziosha

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu stempu kabla sijaonyeshwa kiti changu. Asubuhi ile mama yangu, pale nyumbani Temeke, alinifungia maandazi mawili kwenye gazeti, na moja nililila njiani kwa sababu ya wasiwasi. Nilipofika ofisini nikaikuta stempu ya ndege mwenye mkia mrefu mezani, nikaiokota ili niitazame vizuri. Mkuu wa Sehemu ya Stempu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Binti, umekula nini asubuhi?"

"Andazi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi na stempu nayo imekula andazi. Iweke chini."

Aliichukua akaielekeza dirishani, akanionyesha alama ya mafuta iliyokuwa imepenya hadi upande wa pili. Kisha akafungua droo, akanipa kibano, yaani koleo dogo la chuma lenye ncha bapa, akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo hivyo ndivyo vidole vyangu. Kibano hicho ninacho mpaka leo.

Nyie vijana mnaojua posta kama mahali pa kuchukulia vifurushi, acheni niwaeleze. Zamani zetu lilikuwapo dirisha la wakusanyaji. Watu walikuja kununua stempu ambazo hawakuwa na nia ya kuzituma popote. Walizitaka kwa ajili ya albamu, na walitaka ziwe na meno yote, yale matundumatundu ya pembeni, bila jino moja kukatika. Wapo waliotaka zilizopigwa muhuri, wapo waliotaka mpya zenye gundi yake nyuma, na walikuwa wakibishana pale kaunta utadhani wanazungumzia mahari. Mimi niliajiriwa kuwahudumia watu hao, na nilikuwa sijui hata kwa nini mtu mzima akusanye vikaratasi.

Mkuu wa Sehemu alikuwa mtu wa Njombe, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sweta la mikono mirefu hata joto la Desemba likichoma. Hakuwahi kupandisha sauti. Kwa miezi mitatu alinifundisha kitu kimoja tu, kubandua, maana yake kuitoa stempu kwenye bahasha. Unakata pembe ya bahasha, unaiweka kwenye bakuli la maji vuguvugu uso ukitazama chini, unasubiri. Huvuti. Gundi ikilegea, stempu yenyewe inaachana na karatasi, nawe unaiinua kwa kibano na kuilaza kifudifudi juu ya karatasi ya kunyonya maji. Wenye haraka walivuta, na wenye haraka waliharibu.

Baada ya kubandua nilidhani kinachofuata ni kuosha. Hewa yetu hii ya pwani ina unyevu na chumvi, na stempu za kale huota madoa ya kahawia ambayo wakusanyaji huyaita kutu. Nilikuwa nimesikia kuna dawa za kuyatoa. Siku moja nikamuuliza Mkuu wa Sehemu atanifundisha lini.

"Sitakufundisha."

"Kwa nini, mzee?"

"Kubandua ni kazi. Kuosha ni kiburi." Alikuwa na stempu moja chini ya lenzi, akanivutia kiti nitazame. Niliona weusi tu, kama masizi. Aliigeuza kidogo kwenye mwanga, na ndani ya ule weusi nikaanza kuona herufi za muhuri: jina la kituo kidogo cha reli kilichofungwa zamani, kikasahauliwa na kila mtu. "Ungeosha hii, ungebaki na stempu safi ya kawaida. Doa lina mwenyewe, Zuhura. Kabla hujalitoa, muulize mwenyewe limetoka wapi."

"Na kama hajui?"

"Kama yeye hajui, wewe umejulia wapi?"

Niliitikia kwa kichwa kama wanavyoitikia vijana. Waswahili walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi Mkuu nilikuwa naye meza ya pili.

Alipostaafu, nilihamishiwa Kinondoni, kwenye tawi lililokuwa na kaunta ndogo ya wakusanyaji pembeni ya madirisha ya kawaida. Postamasta wa hapo alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alipenda sakafu ing'ae, alikagua kucha za makarani, na asubuhi alipitisha kidole juu ya masanduku ya barua akikitazama kwa huzuni. Mwaka wa kwanza alinipa kazi ya kuandaa ubao wa maonyesho kwa ajili ya wageni kutoka makao makuu. Nikaleta stempu za kale zenye kutu na rangi ya chai.

"Bi Zuhura, hizi ndizo utakazowaonyesha wageni?"

"Ni za kale, bwana. Ndivyo zilivyo."

"Hata mimi ni wa kale, lakini naoga."

Makarani walicheka sana, nami nikacheka nao. Jioni ile nilinunua chupa ya dawa kwenye duka la madawa, ile wanayosafishia vidonda, nikajaribu kwenye stempu zangu mwenyewe. Ilikuwa kama miujiza. Stempu ya rangi ya chungwa iliyokuwa imegeuka nyeusi ilirudi chungwa machoni pangu. Ubao wetu ukasifiwa, Postamasta akanipa mkono mbele ya watu, na tangu hapo wenzangu wakaniita Mama Sabuni.

Sitawadanganya, nililipenda jina hilo. Wakusanyaji wakaanza kuniletea stempu zao nyumbani, kwenye vyumba viwili nilivyopanga Kinondoni, nikawa naosha Jumamosi mchana. Nilijua benzini inatoa nini na chumvi inatoa nini, na rangi zipi huchuja zikiguswa na maji. Nilikuwa fundi kweli. Ila kumuuliza mwenye stempu doa limetoka wapi, hilo nililiacha ofisini kwa yule mzee wa Njombe.

Sasa nije kwa Bwana Mohsin.

Alikuwa na duka la bawaba, komeo na misumari kule Chang'ombe, katikati ya karakana. Ni wa zile familia za Kihindi za Kishia zilizokaa mjini hapa vizazi na vizazi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar kuliko changu. Kila mwezi alivuka mji mzima kuja kwenye dirisha langu, ingawa posta zilizokuwa karibu naye hazikukosekana. Alikuwa mpole, mwenye utani wa chini kwa chini. Nikimwambia stempu mpya hazijafika alinijibu, "Basi nipe za zamani unipunguzie umri." Katika wateja wangu wote, yeye ndiye niliyependa nimfurahishe.

Mwaka mmoja masika yalipiga sana, paa la stoo yake likavuja. Akaja na albamu iliyovimba kwa maji, ameifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga.

"Bi Zuhura, nihamishie tu kwenye albamu mpya. Nimeshainunua, hii hapa. Mie mkono unatetemeka siku hizi, nitazichana."

"Usiwe na shaka, bwana. Niachie."

"Nihamishie tu," akarudia.

Lile neno "tu" nililisikia vizuri. Nililidharau.

Kurasa za mwanzo zilikuwa za kawaida. Ukurasa wa mwisho ndio ulionisimamisha. Ulikuwa na stempu thelathini na moja, zote za aina moja, za bei rahisi, ambazo mkusanyaji yeyote angekuwa nazo tele. Zilikuwa hazijabanduliwa, kila moja ilikuwa imekaa kwenye kipande chake cha bahasha. Na kila moja ilikuwa na doa la manjano pembeni, lililotoka kwenye stempu likaingia kwenye karatasi, ukubwa wa ncha ya kidole. Moyo wangu wa Mama Sabuni ukaruka kwa furaha. Nikajiambia, maskini, ameishi na uchafu huu miaka yote kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia.

Jumamosi ile nikachemsha maji, nikayaacha yapoe hadi vuguvugu, nikaziweka kwenye bakuli langu jeupe. Sikuhitaji dawa. Doa lilitoka lenyewe, polepole, kama lilikuwa likisubiri maji, na bakuli zima likawa la manjano ya kupendeza. Kulikuwa na harufu pia, nyembamba, ya kitu ninachokifahamu. Nilisita kidogo, mkono ukiwa na kibano hewani. Kisha nikaendelea.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na lazima niiseme. Mimi nilizaliwa Temeke. Nilipokuwa mtoto na homa, mama alinipeleka kwa mwalimu wa chuo, akaniandikia kombe: aya za Kurani kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe. Kisha sahani iliwekwa maji, maandishi yakayeyuka, nikayanywa hadi tone la mwisho. Nimeyanywa maji yale mara ngapi? Nayajua rangi yake, naijua harufu yake. Na siku ile nilikuwa nayo mbele yangu, kwenye bakuli jeupe, nikayachukua nikayamwaga kwenye karo.

Moja tu sikuiosha. Ilikuwa na mpasuko katikati, imeshikwa na kile kipande cha bahasha, na ningeitia majini ingegawanyika. Nikaiweka kando ndani ya daftari langu, nikapanga kuishughulikia wiki inayofuata kwa uangalifu zaidi. Kwenye albamu mpya nikaiachia nafasi yake.

Jumatatu Bwana Mohsin akaja dirishani. Nilimfungulia mwenyewe ukurasa wa mwisho, nikaugeuza umtazame, nikasubiri sifa zangu. Alitazama kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Bi Zuhura, ile rangi imekwenda wapi?"

"Imetoka yote, bwana! Tena kwa maji matupu. Tazama zilivyo."

"Imetoka," akasema.

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Alisogea pembeni kuwapisha watu, nami nikatoka kaunta nikamfuata, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniambia taratibu, bila hasira, na afadhali angenitukana. Alipokuwa mdogo alipelekwa shule ya bweni huko bara. Mama yake alimwandikia kila mwezi, na kabla ya kupeleka barua posta alisoma dua, akachovya kidole kwenye zafarani iliyorowekwa kwa marashi, akakibonyeza kwenye pembe ya stempu. Alifanya hivyo nje ya bahasha kwa sababu walimu walizifungua barua na kuzisoma.

"Aliniambia nikiumwa nikate ile pembe, niitie kwenye maji, ninywe. Mie niliona haya mbele ya wenzangu. Na Mungu alinijalia afya, sikuumwa. Kwa hiyo nikaziweka."

"Na barua zenyewe?"

"Mchwa walikula. Kilichobaki cha mkono wake ni hivyo vidole." Akaifunga albamu. "Ulitaka kunifurahisha. Najua."

Ile moja ilikuwa kwenye daftari langu, ndani ya mkoba, hatua kumi kutoka pale tuliposimama, na sikuikumbuka. Nilikuja kuikumbuka jioni, nikiwa nafua, nikaacha nguo kwenye beseni nikaenda kulifungua daftari. Ilikuwapo, na doa lake la manjano lilikuwapo. Nikasema kesho nitampelekea.

Kesho yake nikaona haya. Nikawaza, nitamwambia nini, kwamba nimekumwagia thelathini, shika moja? Nikasema nitampa akija mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi alikuja posta, nikamwona akiingia. Akanisalimu kwa mkono kutoka mbali, akaenda kupanga foleni dirisha la jirani. Alinunua stempu za kawaida za kutumia, akaondoka. Baada ya hapo hakuja Kinondoni tena.

Kuanzia siku hiyo sikuosha stempu ya mtu. Postamasta aliuliza sababu, nikamwambia dawa zinanidhuru mikono. Alihamishwa, akaja mwingine, naye akahamishwa. Niliendelea kuandaa mbao za maonyesho, na stempu zangu zilikuwa na kutu zake na rangi zake za chai, na hakuna mgeni aliyekufa kwa kuziona. Watu walipungua dirishani mwaka hadi mwaka, hadi kaunta yangu ikageuzwa ya kupokelea vifurushi. Nilistaafu nikiwa nimekalia kiti kilekile, mbele ya dirisha ambalo halikuwa langu tena. Wenzangu walinipa saa ya ukutani na kitenge. Mimi nilibeba kibano, bakuli, na daftari lile.

Mtauliza kwa nini miaka yote hiyo sikumpelekea. Nami nimejiuliza. Kwanza ilikuwa haya. Halafu haya ilizoeleka, ikawa kama kidonda kilichofunga juu, hukigusi. Nilihamia Chang'ombe baada ya kustaafu, nikapita mara kadhaa mbele ya duka lake, likiwa limeandikwa jina la mtu mwingine. Nilijisemea nimechelewa, na kwa kweli neno hilo lilinipa nafuu, kwa sababu aliyechelewa hana tena pa kwenda.

Kisha nyie mkanitafuta. Kijana mmoja wa Kinyerezi alisikia kwamba yupo bibi aliyefanya kazi dirisha la stempu, akaniunga kwenye kikundi chenu cha wakusanyaji kwenye simu. Sikujua kama bado mpo! Siku ya pili tu mmoja wenu akatuma picha ya stempu ya marehemu babu yake, ina doa jekundu, akaandika: "Shikamoo bibi. Ishu ni hii, nioshe nisioshe?" Wengine wakaanza kubishana. Nikaandika jibu nikalifuta, nikaandika tena nikalifuta. Sikuwa na haki ya kujibu swali lile wakati daftari langu liko juu ya kabati.

Niliuliza kwa wenye maduka ya zamani, nikaelekezwa Msasani, kwa binti wa Bwana Mohsin. Nilikwenda asubuhi. Binti alinifungulia, mwanamke wa makamo mwenye macho yaleyale ya baba yake, akaniambia baba ni mgonjwa sana na hapokei wageni. Nikamwambia amwambie ni Zuhura wa posta. Alirudi akaniambia niingie.

Bwana Mohsin alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, amekuwa mdogo. Alinitambua mara moja.

"Bi Zuhura. Umeleta?"

Nikakaa kabla sijakaribishwa. "Ulijua?"

"Uliiacha nafasi yake kwenye ukurasa. Wewe huachi nafasi bure."

"Mbona hukuja kuidai, bwana? Miaka yote hii!"

"Dua haidaiwi," akasema. "Mtu huletewa."

Nililia pale, mtu mzima na mvi zangu, na binti yake akanishika bega bila kujua ninalia nini. Nikafungua daftari, nikaitoa kwa kibano, nikamwekea kiganjani. Aliitazama, akaipeleka puani. Sidhani kama harufu ilikuwa imebaki. Kisha akamwomba binti yake glasi ya maji.

Nilielewa anachotaka kufanya, na mnisamehe, kitu cha kwanza kunitoka mdomoni kilikuwa cha kazi. "Bwana, ina mpasuko. Ikiingia majini itagawanyika."

Akacheka, ule utani wake wa chini kwa chini ukarudi usoni. "Mama Sabuni anaogopa maji."

Jina hilo hakuwahi kuniita. Akaitumbukiza mwenyewe. Tukakaa sote watatu tukitazama. Ile manjano ilitoka taratibu, ikashuka chini ya glasi, ikasambaa. Stempu ikaachana na bahasha, ikagawanyika vipande viwili kama nilivyosema. Bwana Mohsin alisoma kitu kwa midomo, binti yake akamwinua kichwa, akanywa mpaka mwisho. Kisha akavitoa vile vipande kwa kidole, akavilaza kwenye kisahani na kukisogeza upande wangu.

"Chukua. Hii nimeiosha mwenyewe."

Nilivikausha nyumbani kama nilivyofundishwa, kifudifudi, juu ya karatasi ya kunyonya maji. Ni vipande viwili vya stempu ya bei rahisi, safi kabisa, na hakuna mkusanyaji atakayevitaka.

Bwana Mohsin hakupona. Binti yake alinipigia simu, nikaenda kuhani, nikakaa na kina mama. Walinikaribisha kahawa, wakaniuliza nilimjua vipi marehemu. Nikasema alikuwa mteja wangu. Nilikuwa nawaza zile thelathini, na mwaka ule ambao alikuwa bado anatembea, bado ana duka, na mimi nilikuwa na ile moja kwenye daftari.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza uoshe usioshe, samahani kwa kukawiza jibu. Usiiguse kwanza. Mtafute anayejua lile doa jekundu la babu yako lilitoka wapi, bibi yako au shangazi, yeyote aliyebaki, ukamuulize. Kama yu hai, nenda leo.